Kompyuta ya kiunganishi kimoja: Inavyosanifiwa na nafasi yake katika pwani ya Kilwa na Lindi

MTU anayetaka kujua kompyuta hufia wapi katika mwambao wa Kilwa na Lindi hana haja ya kuanzia kwenye prosesa wala kwenye diski. Aanze na tundu la kuchajia.

Hapo ndipo waya huchomekwa na kuchomolewa kila siku, ndipo mchanga hujipenyeza, na ndipo hewa yenye chumvi hufanya kazi yake kimya kimya. Mashine ambayo sehemu zake nyingine zote ni nzima huishia kabatini kwa sababu ya kipande cha chuma kisichofikia upana wa ukucha wa kidole gumba.

Kwa sababu hiyo, wazo la kuunda kompyuta ndogo ya vipande vinavyotenganishika, vyote vikiungana kwa kiunganishi cha aina moja tu, si jambo la wapenda mitambo wa Ulaya na Marekani peke yao. Linamgusa mwalimu wa Kilwa Kivinje, mwenye duka la uchapaji Kilwa Masoko na fundi wa simu wa Lindi mjini.

Makala haya yanaeleza kompyuta ya namna hiyo ni ipi, ilitokana na nini, inapangwaje, na mambo gani yazingatiwe endapo itatumika katika mazingira ya bahari.

Maana ya kiunganishi kimoja

Kompyuta ya mezani iliyozoeleka katika ofisi nyingi miaka ya 2000 ilikuwa na matundu ya kila namna mgongoni mwake: la umeme wa volti 230, la skrini, la kibodi, la kipanya, la printa, la spika na la waya wa simu. Kila tundu lilikuwa na umbo lake na waya wake.

Kompyuta mpakato zilipoenea, tatizo lilibadilika sura badala ya kwisha. Chaja nyingi zilitoa umeme unaokaribiana, takriban volti 19, lakini ncha zake zilitofautiana unene kutoka kampuni moja hadi nyingine. Aliyepoteza chaja alilazimika kutafuta ya jina lile lile, hata kama jirani yake alikuwa na nyingine yenye nguvu sawa.

Kompyuta ya kiunganishi kimoja huondoa utaratibu huo. Umeme, picha, sauti na taarifa vyote hupita katika tundu la aina moja. Waya unaochaji betri ndio huo huo unaoweza kupeleka picha kwenye skrini, na tundu linalopokea kibodi ndilo linaloweza kupokea diski.

Pamoja na hilo, kila kazi hupewa kipande chake kinachojitegemea. Skrini ikipasuka, skrini pekee hubadilishwa. Prosesa ikipitwa na wakati, huondolewa hiyo na kuwekwa mpya, ilhali skrini, kibodi na betri vikiendelea kutumika.

Wazo la tangu 1975

Mpango huu si mgeni. Mwezi Januari 1975 jarida la Popular Electronics la Marekani lilitangaza kompyuta iitwayo Altair 8800, iliyotengenezwa na kampuni ya MITS ya mjini Albuquerque. Ndani yake mlikuwa na njia moja ya pamoja yenye matundu ya pini 100. Prosesa, memori na sehemu nyingine zilikuwa kadi zilizochomekwa katika matundu hayo yanayofanana.

Kwa kuwa mpangilio wa pini hizo ulijulikana, makampuni mengine yalianza kutengeneza kadi zinazoingia humo. Mashine ya kampuni moja ikawa soko la makampuni mengi. Mwaka 1983 njia hiyo, iliyojulikana kama S-100, ilipewa hadhi ya kiwango rasmi na taasisi ya wahandisi ya IEEE, kwa namba 696.

Nje ya sanduku la kompyuta, vurugu ya matundu iliendelea hadi Januari 1996, wakati kundi la makampuni yakiwamo Intel, Microsoft, IBM, Compaq na NEC lilipotoa kiwango cha USB. Lengo lilikuwa kuweka tundu moja mahali pa mengi. Toleo la mwaka 2000 liliongeza mwendo wa taarifa kutoka megabiti 12 hadi 480 kwa sekunde, na hapo ndipo flashi na diski za nje ziliposhika kasi.

Hatua iliyofanya kompyuta ya kiunganishi kimoja iwezekane kikamilifu ilikuja mwaka 2014, ilipotolewa USB-C. Tundu lake lina pini 24 katika safu mbili za pini 12, na ncha yake huingia upande wowote. Mwaka huo huo uliwekwa utaratibu wa kupitisha picha za skrini ndani yake.

Kuhusu umeme, mkataba uitwao Power Delivery uliruhusu hadi wati 100 kupita katika waya huo, na mwaka 2021 kiasi hicho kilipandishwa hadi wati 240. Kwa kulinganisha, USB ya kwanza ilikusudiwa kutoa wati 2.5 tu.

Umoja wa Ulaya nao ulitumia nguvu ya sheria. Kwa agizo lake namba 2022/2380, simu, kompyuta za bapa na kamera zinazouzwa katika nchi wanachama zilitakiwa kuwa na tundu la USB-C kuanzia Desemba 28, 2024, na kompyuta mpakato zikapangiwa Aprili 28, 2026. Kampuni ya Apple ilikuwa imekwisha kulitia katika simu zake za iPhone 15 mwezi Septemba 2023.

Kiwango cha wazi na cha siri

Wakazi wa Kilwa wana mfano wa karibu wa faida ya kiwango kinachotambuliwa na wengi. Masultani wa Kilwa Kisiwani walipiga sarafu za shaba zilizotumika katika mwambao na visiwa vyake. Sarafu ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyejenga Husuni Kubwa, imepatikana hadi Great Zimbabwe, na nyingine za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia.

Sarafu hupokelewa na mtu asiyemjua aliyeitoa kwa sababu umbo na thamani yake vinatambuliwa. Kiunganishi nacho hufanya kazi kwa masharti hayo. Kikiwa siri ya kampuni moja, kampuni ikifunga mlango, vipande vyote hubaki bila mwenza.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mradi wa Ara wa kampuni ya Google, uliotangazwa mwaka 2013 kwa lengo la kuunda simu ya vipande vinavyonasa katika fremu. Viunganishi vyake vilikuwa vya mradi wenyewe. Mradi ulipositishwa Septemba 2016, hapakuwa na kifaa kingine ambacho vipande hivyo vingeweza kuhamia.

Kinyume chake ni kampuni ya Framework ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2019 na Nirav Patel na kutoa kompyuta yake ya kwanza mwaka 2021. Mashine hiyo ina nafasi nne za kuingiza kadi ndogo. Ndani ya kila nafasi mna tundu la kawaida la USB-C, na kadi ndiyo inayoligeuza kuwa tundu la skrini, la flashi au la kadi ya kumbukumbu.

Kuanzia mwaka 2022 bodi kuu ya mashine hiyo iliuzwa pia peke yake. Inaweza kuwashwa bila betri wala ganda, kwa umeme wa USB-C, na mtu akaijengea sanduku lake mwenyewe. Hadi sasa huo ni miongoni mwa mifano iliyo karibu zaidi na wazo tunalolieleza.

Yaliyofanyika Afrika Mashariki

Katika ukanda wetu, miradi miwili inatoa mafunzo ya moja kwa moja.

Wa kwanza uko wilayani Karatu, mkoani Arusha, ambako shirika la Powering Potential liliweka katika shule za sekondari kompyuta za Raspberry Pi zinazotumia umeme wa jua, pamoja na maktaba ya kidijiti isiyohitaji intaneti. Raspberry Pi ni kompyuta yenye ukubwa unaokaribia kadi ya benki. Ilianza kuuzwa Uingereza Februari 29, 2012 kwa dola 35 za Marekani.

Somo la Karatu ni kwamba kinachoamua uhai wa chumba cha kompyuta kijijini ni kiasi cha umeme ambacho kila mashine inakula. Mashine ya wati chache huendeshwa na paneli na betri ambazo shule inaweza kuzimudu. Ile ya wati mia na zaidi huhitaji mtambo.

Wa pili ni wa kampuni ya BRCK ya Nairobi, iliyotoa Kio Kit mwaka 2015. Hilo lilikuwa sanduku gumu lisiloingiza maji kwa urahisi, lenye kompyuta za bapa 40 za wanafunzi. Kompyuta hizo zilichajiwa bila kuchomekwa waya. Mwanafunzi alirudisha yake katika nafasi ya sanduku na chaji ikaanza yenyewe.

Wabunifu wa Nairobi waliona kile ambacho mafundi wengi wa pwani wanakijua: tundu linalochomekwa na watoto 40 kila siku halidumu. Wao walichagua kuliondoa kabisa. Njia nyingine, inayofaa zaidi kwa kompyuta yenye skrini kubwa na kibodi, ni kulikubali tundu na kulifanya rahisi kubadilishwa.

Chumvi, umeme na umbali

Msanifu wa mashine ya kutumika Kilwa, Mchinga au Lindi anakabiliwa na mambo matatu.

La kwanza ni chumvi. Katika mwambao wenye mabwawa ya kuvunia chumvi, msomaji hahitaji kuambiwa kwamba ipo hata hewani. Chembe zake zikitua juu ya pini na kukutana na unyevu wa usiku, hugeuka maji yanayopitisha umeme. Pini za USB-C zimeachana kwa nusu milimita tu. Umeme ukivuja kutoka pini moja kwenda nyingine, chuma huliwa na kutu ya kijani hutokea.

Pini hizo hupakwa dhahabu, lakini tabaka lake ni jembamba sana na husuguliwa kila waya unapoingia. Kiwango cha USB-C kinataka kiunganishi kihimili kuchomekwa mara 10,000. Idadi hiyo hupimwa maabara, si karibu na mashua zinazoshusha samaki.

La pili ni umeme. Gesi ya Songo Songo, kisiwa cha wilaya ya Kilwa, imekuwa ikizalisha umeme Dar es Salaam tangu mwaka 2004. Hata hivyo, kuwa jirani wa gesi si kinga ya kukatikiwa umeme, na mashine inayotegemea tundu la ukutani pekee husimama pale umeme unapokatika.

La tatu ni umbali. Kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko ni zaidi ya kilomita 300. Daraja la Mkapa katika mto Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003, lilipunguza adha ya safari hiyo, lakini halikuimaliza. Mwezi Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu katika eneo la Somanga, na magari yakakwama pande zote mbili.

Kipuri ambacho lazima kiagizwe kwa jina la kampuni, kwa hiyo, husubiri mambo mengi. Kipuri kinachofanana na cha simu ya jirani hakisubiri kitu.

Vipande vya mashine

Kompyuta ya kiunganishi kimoja kwa matumizi ya shule au ofisi ndogo inaweza kuwa na vipande vitano.

Kipande cha kwanza ni moyo wa mashine: sanduku dogo lenye prosesa, memori na programu. Liwe na matundu manne ya USB-C yanayolingana kwa kila kitu. Tundu lolote lipokee umeme, lolote litoe picha, lolote lipokee kibodi.

Cha pili ni skrini. Hiyo iwe na matundu mawili au zaidi ya USB-C ili umeme uingie kwayo na kupita hadi kwenye moyo wa mashine. Kwa njia hiyo, waya mmoja kati ya skrini na moyo hubeba picha upande mmoja na umeme upande mwingine.

Cha tatu ni kibodi na kipanya. Cha nne ni diski ya nje, inayotunza kazi za watumiaji ili moyo ukiharibika kazi zisipotee. Cha tano ni chanzo cha umeme: betri, kidhibiti chaji, paneli na kigeuzi kinachotoa umeme kwa mkataba wa USB-C.

Feni iachwe. Feni huvuta hewa, na hewa ya pwani huja na chumvi. Prosesa ya wati chache inaweza kupozwa kwa ganda la alumini lisilo na matundu, lililopakwa rangi.

Hesabu ya umeme

Kwa makadirio ya kusanifu, moyo wa mashine uchukue wati 6, skrini wati 9, kibodi na kipanya wati 1. Jumla ni wati 16. Kwa saa sita za kazi kwa siku, mashine itatumia wati-saa 96, ambazo pamoja na upotevu wa kigeuzi zitafika takriban 107.

Betri ya lithiamu na chuma yenye volti 12.8 na ampea-saa 20 ina wati-saa 256. Ikitumiwa kwa asilimia 80 tu ili idumu, hutoa takriban 205. Hizo ni karibu siku mbili za kazi bila jua.

Paneli ya wati 50 ikipata jua kamili la saa tano hutoa wati-saa 250. Tukiondoa asilimia 30 kwa ajili ya joto, vumbi na upotevu mwingine, zinabaki 175. Siku moja ya jua inalisha zaidi ya siku moja ya kazi, na ziada hujaza betri.

Kompyuta ya mezani inayokula wati 120 pamoja na skrini yake ingehitaji wati-saa 720 kwa saa hizo hizo sita, yaani mara saba na nusu, kabla ya kuhesabu kinachopotea katika inveta.

Volti ipi ichaguliwe?

Hapa ndipo msanifu anapolazimika kupima mambo mawili yanayovutana.

Tuseme betri iko pembeni mwa darasa, mita 10 kutoka mezani, na waya wa shaba una unene wa milimita za mraba 0.75. Kwenda na kurudi ni mita 20, na ukinzani wa waya huo ni takriban omu 0.47. Wati 15 zikipelekwa kwa volti 5, mkondo ni ampea 3 na waya hula volti 1.4. Mezani hufika volti 3.6, na mashine haiwaki.

Wati hizo hizo zikipelekwa kwa volti 12.8 za betri yenyewe, mkondo ni chini ya ampea 1.2 na upotevu ni takriban volti 0.55. Kwa hiyo, waya mrefu ubebe umeme wa betri, kigeuzi kikae mezani, na USB-C ianzie hapo kwa waya usiozidi mita moja.

Ndani ya tundu nako kanuni ni ile ile. Pini zilizoanza kuota kutu zikifikia ukinzani wa omu 0.1, mkondo wa ampea 3 huzalisha joto la wati 0.9 katika nafasi ndogo mno. Hilo ndilo joto linaloyeyusha plastiki. Mkondo wa ampea 1 katika pini hizo hizo huzalisha wati 0.1 tu.

Hoja hiyo ingetufanya tuchague volti kubwa kadiri inavyowezekana. Lakini chumvi inasema kinyume: kadiri volti zinavyopanda, ndivyo umeme unavyovuja zaidi kati ya pini zilizoachana nusu milimita, na ndivyo kutu inavyoharakishwa.

Mkataba wa Power Delivery unatoa ngazi za volti 5, 9, 15 na 20. Kwa mashine ya wati 16 katika mwambao, volti 15 ni chaguo la kati linaloridhisha: mkondo unabaki karibu ampea 1, na volti hazijafika kileleni.

USB-C ina sifa nyingine inayowafaa watu wa pwani. Tundu la zamani la USB, lile la pembe nne, lina volti 5 muda wote chanzo kinapowashwa, hata kama hakuna kilichochomekwa. Tundu la USB-C hutakiwa kutotoa umeme wa kazi hadi litambue kifaa upande wa pili. Tundu lililo tupu usiku haliliwi na umeme kwa kasi ile, ingawa unyevu mwingi wa chumvi unaweza kulidanganya.

Mtego wa umbo moja

Ubaya wa USB-C ni kwamba umbo halisemi uwezo. Nyaya mbili zinazofanana machoni zinaweza kutofautiana sana: moja huchaji tu na kupitisha taarifa polepole, nyingine hupitisha picha za skrini. Waya wa kawaida hubeba hadi ampea 3. Wa ampea 5 lazima uwe na chipu ndani inayojitambulisha.

Hata wasanifu wakubwa hunaswa. Raspberry Pi 4 ilipotoka Juni 2019, tundu lake la umeme lilikuwa la USB-C. Kifaa kinachopokea umeme kinatakiwa kuweka rezista yake katika kila moja ya pini mbili za mawasiliano. Toleo la kwanza lilitumia rezista moja kwa pini zote mbili.

Matokeo yalishangaza wengi. Nyaya rahisi ziliiwasha mashine vizuri, ilhali nyaya bora zenye chipu zilikataa, kwa sababu chaja zilidhani zimeunganishwa na kifaa cha sauti. Kasoro hiyo ilirekebishwa katika toleo lililofuata la bodi.

Tiba ya mtego huu ni nidhamu. Matundu yote ya mashine yawe na uwezo ule ule, na nyaya zote za chumba kimoja ziwe za aina moja yenye uwezo kamili. Tundu moja likipewa uwezo ambao jingine halina, mtumiaji amerudishwa kwenye matundu ya kila namna, isipokuwa sasa hayawezi kutofautishwa kwa macho.

Tundu la kutolewa kafara

Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Katika kompyuta nyingi, tundu limelehemiwa moja kwa moja juu ya bodi kuu. Likilegea, fundi hugusa bodi yenye thamani ya mashine nzima, na mkono ukiteleza kazi imekwisha.

Katika mashine tunayoieleza, tundu linaloguswa kila siku liwekwe kwenye ubao wake mdogo wa saketi, unaofungwa kwa skrubu mbili. Ubao huo ndio unaochukua mivuto, mchanga na kutu. Ukiisha, hufunguliwa na kuwekwa mwingine bila kugusa bodi kuu. Kadi za Framework hufanya kazi kwa msingi huo.

Aidha, matundu yatazame pembeni au chini, kamwe yasitazame juu. Yawe ndani kidogo ya ganda ili ncha ya waya ishikwe na ganda lenyewe isipovutwa na pini. Yasiyotumika yazibwe kwa kifuniko cha mpira, na bodi zote zipakwe vanishi maalumu ya kuzuia unyevu, isipokuwa sehemu za kugusana.

Usafi nao una taratibu zake. Umeme uzimwe kwanza, tundu lisafishwe kwa spiriti safi na brashi laini, kisha liachwe likauke. Kupuliza kwa mdomo huongeza unyevu, na kukwangua kwa sindano huondoa dhahabu iliyobaki.

Mipaka yake

Kompyuta ya namna hii haimfai kila mtu. Anayehariri filamu au kuchora majengo makubwa atahitaji mashine yenye nguvu zaidi na feni. Vipande vidogo hupotea na huibiwa kwa urahisi, hivyo sanduku la kufungwa kwa kufuli ni sehemu ya usanifu. Nyaya bandia nazo ni nyingi, na waya mmoja mbovu unaweza kuunguza vipande viwili kwa mpigo.

Kila kiunganishi kilichoongezwa pia ni mahali pengine pa kuharibika. Mashine ya vipande kumi ni dhaifu kuliko ya vipande vitano. Ndiyo maana usahili hapa ni hesabu ya idadi ya mahali ambapo chumvi inaweza kuingia, kabla ya kuwa suala la mapambo.

Maswali kabla ya kununua

Shule, ofisi au mtu binafsi anayefikiria mashine ya aina hii anashauriwa kumuuliza muuzaji maswali yafuatayo:

- Je, matundu yote ya USB-C hupokea umeme na kutoa picha, au baadhi tu?

- Je, mashine huwaka kwa chaja yoyote ya Power Delivery, au kwa ya kampuni hiyo pekee?

- Je, tundu liko kwenye ubao wake au limelehemiwa katika bodi kuu?

- Je, ganda hufunguliwa kwa skrubu za kawaida au limegandishwa kwa gundi?

- Je, michoro ya vipande imetolewa kwa umma, ili fundi mwingine aweze kuvitengeneza?

- Je, diski inaweza kutolewa na kusomwa katika kompyuta nyingine?

Jibu la swali la kwanza na la pili lithibitishwe kwa kujaribu dukani, si kwa kusoma maandishi ya boksi. Chaja ya simu mpya na waya mmoja wenye uwezo kamili vinatosha kwa jaribio hilo.

Kwa chumba chenye mashine kumi, akiba ya busara ni mbao za matundu kumi, nyaya tano, kibodi mbili, skrini moja na moyo mmoja wa ziada. Vyote hivyo huingia katika sanduku moja linalofungwa vizuri, pamoja na pakiti za kufyonza unyevu.

Akiba hiyo, bisibisi na fundi mmoja aliyejifunza kupima volti kwa mita ndivyo vitakavyoamua kama darasa litaendelea na masomo barabara ya Somanga itakapokatika tena.